Fedha isiyo na fedha

Kibarua wa mkonge hapa Kabuku hulipwa fedha, ingawa ujira wake hauna hata chembe ya madini hayo. Wapo wasemao neno limepotoka. Sikubaliani nao. Tangu Nero, dinari ya Roma ilizidi kuchanganywa shaba, lakini askari waliendelea kulipwa: sura ya Kaisari ilitosha. Wajerumani waliiga. Rupia yao ya 1890 ilimwonyesha Wilhelm II na kofia yenye tai, pembeni Kilatini kitupu: GUILELMUS II IMPERATOR. Mtu atasema ile ilikuwa fedha halisi, ikapokewa kwa madini yake. Naam, ilikuwa. Ila vita vilipobana, 1915, rupia zilichapwa kwenye karatasi, na bado ziliitwa rupia.