Kaizari wa Ming, Towashi wa Baharini na Wasomaji wa Nairobi

Riwaya ya She Who Became the Sun, iliyotolewa mwaka 2021 na Shelley Parker-Chan wa Australia, ni njozi ya kihistoria, yaani hadithi inayochukua watu waliokuwepo kweli na kuwachanganya na mambo ya ajabu kama mizimu, na msingi wake ni maisha ya Zhu Yuanzhang, mtoto wa wakulima maskini aliyewaondoa watawala wa Kimongolia na kuanzisha nasaba ya Ming mwaka 1368. Katika riwaya hiyo, mvulana aliyetabiriwa ukuu anafariki, dada yake anachukua jina lake, anaishi kama mtawa wa kiume, na baadaye anamwoa mwanamke, Ma Xiuying. Mpinzani wake, jemadari Ouyang, ni towashi, yaani mwanamume aliyehasiwa, anayempenda kwa siri mwana wa mtawala anayemtumikia.

Historia hiyo iligusa pwani ya Afrika Mashariki. Jeshi la Zhu Yuanzhang lilipoivamia Yunnan mwaka 1381, lilimteka mtoto wa Kiislamu, ambaye alihasiwa na kupelekwa kumtumikia mwana wa kaizari, Zhu Di. Mtoto huyo ndiye Zheng He, aliyeongoza misafara saba ya merikebu kati ya 1405 na 1433, ambayo baadhi yake ilifika Malindi. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alipelekwa kwa Zhu Di, aliyekuwa sasa kaizari Yongle, na sarafu ya enzi yake ilifukuliwa kisiwani Manda mwaka 2013. Mwandishi Mkenya Yvonne Adhiambo Owuor aliirejea njia hiyo ya bahari katika riwaya yake The Dragonfly Sea (2019), kupitia msichana wa kisiwa cha Pate anayepelekwa China.

Nairobi nayo ina watu walioletwa na majeshi ya wengine. Kibera ilianza mwanzoni mwa karne ya 20 kama makazi ya askari Wanubi waliolitumikia jeshi la Uingereza, na mwaka 1918 eneo hilo la zaidi ya ekari 4,000 lilitangazwa kuwa hifadhi ya kijeshi, lakini wazao wao walisubiri hatimiliki ya jamii hadi 2017, tena kwa ekari 288 tu. Kawangware, upande wa pili wa Barabara ya Ngong, ilikuwa ardhi ya Wakikuyu kabla ya kumezwa na jiji.

Mapenzi ya jinsia moja, kama yale ya riwaya ya Parker-Chan, yamepata nafasi finyu zaidi. Filamu ya Rafiki ya Wanuri Kahiu, iliyotokana na hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, ilipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 2018, na Mahakama Kuu ilipoiruhusu kwa siku saba, watazamaji waliijaza sinema ya Prestige, iliyo kwenye barabara hiyohiyo ya Ngong. Umati huo unatosha kuwajibu wanaodai kwamba hadithi hizi hazina wenyewe hapa. Waandishi wa Kibera na Kawangware na waandike riwaya ya Malindi ya Zheng He kwa Kiswahili, na wachapishaji wawe na ujasiri wa kuichapa bila kufuta wapendanao ndani yake.