Migomba ya Bujonde na Dhana Yetu Watu wa Pwani

Ndugu msomaji, sisi watu wa pwani tulikuwa na neno baya, "mshenzi", tukiwaita watu wa bara, na wengine wetu wangali wakidhani kuwa huko hapakuwa na ujuzi wa kilimo mpaka walipofika wageni. Habari ya Bujonde, katika wilaya ya Kyela, kaskazini ya Ziwa Nyasa, yaikataa dhana hiyo. Na watu wa kwetu walikuwa miongoni mwa mashahidi.

Mwaka 1879 ulitoka msafara Dar es Salaam, wapagazi wake wengi wakiwa wa Unguja, na mkuu wao Chuma, yule aliyekuwa pamoja na waliouchukua mwili wa Livingstone hadi pwani. Kiongozi wa msafara, Keith Johnston, alifia njiani huko Behobeho, akashika nafasi yake Joseph Thomson, kijana wa miaka 21. Mwezi wa Septemba wakateremka katika nchi ya Wanyakyusa, kwenye tambarare ambayo Bujonde ni sehemu yake. Walikuta nyumba nadhifu chini ya vivuli vya migomba, na nje kumefagiliwa. Thomson aliisifu nchi ile mno katika kitabu chake.

Utasema, ni mvua tu. Kweli, Kyela hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na mito huteremsha udongo wa volkano kutoka milima ya Rungwe. Lakini mvua nyingi vilevile huikosha rutuba na kuizamisha chini, na mizizi ya mgomba haiendi mbali. Siri ilikuwa ng'ombe. Wanyakyusa wakilala nao nyumba moja, na samadi ikitolewa na kutiwa migombani, hapo hapo nyuma ya nyumba. Hayo hawakufundishwa na bwana shamba yeyote.

Wewe mwenye kiwanja Tanga au Malindi waweza kufanya vivyo hivyo, ila udongo wetu wa mchanga haushiki rutuba, basi samadi ya mara moja haitoshi. Tumia iliyooza, uizungushe mbali kidogo na shina. Majivu ya jikoni, ambayo wengi huyamwaga jalalani, yana potasi, na mgomba huipenda sana. Katika shina moja bakisha mama, mtoto na mjukuu. Machipukizi mengine yang'oe. Ukishakata mkungu, katakata na gogo lake uliache lioze pale pale. Na maji yakituama chimba mfereji, kwani mizizi huoza upesi. Wakulima wa tambarare ile, ambako mito hufurika wakati wa masika, walijua hilo zamani.

Siku hizi katika bustani za Kyela utaona mikakao imepandwa kati ya migomba, miche yake michanga ikikua chini ya kivuli kile kile walichopumzikia wapagazi wa Unguja.