Piza ya Zanzibar

Piza ya Zanzibar ni chakula cha unga wa ngano usiotiwa hamira, kinachojazwa kima na yai na kukaangwa juu ya chuma bapa. Kwa asili iko karibu zaidi na mutabbaq, mkate wa Waarabu wa kujazwa na kukunjwa, kuliko na piza ya Italia. Huuzwa hasa jioni katika bustani ya Forodhani, Mji Mkongwe, iliyofunguliwa upya mwaka 2009 baada ya ukarabati.

Unga hukandwa kwa maji, chumvi na mafuta kidogo mpaka ulainike, kisha hukatwa madonge, yakapakwa mafuta na kuachwa yapumzike. Hapo ndipo penye kazi yenyewe: gluteni hulegea, na donge lililokuwa likijirudi sasa hutandazwa kwa viganja hadi meza ionekane chini yake. Katikati huongezwa kipande kidogo cha pili kuzuia kutoboka, halafu kima, kitunguu, pilipili hoho, jibini, mayonezi na yai bichi. Kingo hukunjwa kama bahasha. Moto uwe wa wastani. Ukizidi, nje huungua na yai hubaki bichi. Ya ndizi na chokoleti ipo pia, zaidi kwa ajili ya watalii.

Tanzania Bara, anayejua kupika chapati tayari ana kila kitu. Hata Kakola, kando ya mgodi wa Bulyanhulu, jiko la mkaa na kikaango vinatosha. Anayetaka piza ya wazi, isiyokunjwa, huongeza beking pauda, kijiko cha chai kwa kikombe cha unga, na kupika bila kukawia, kwani gesi yake huanza kutoka mara unga unapolowa.