Jina Lililo kwenye Mtambo: Kuzitambua Gobori za Jeshi la Uingereza Zilizoundwa na Wakandarasi



Mtafiti wa maandiko ya Kiswahili anapofungua mswada wa kale hujiuliza jina lililo mwishoni mwake ni la nani: la mtunzi, la mnakili, au la mwenye mali. Asipoyatenganisha hayo matatu, historia yote atakayoijenga juu ya mswada ule itakwenda upande. Leo naomba tuitumie kanuni hiyo katika kusoma maandishi yaliyochongwa kwenye chuma, yaani yale ya gobori za kijeshi za Uingereza.

Katika karne ya 18 serikali ya Uingereza haikuwa na kiwanda chake cha kuunda bunduki nzima. Bodi ya Zana za Vita ilifunga mikataba na mafundi wa Birmingham na London. Huyu akaleta mitutu, yule mitambo, na mwingine vipande vya shaba. Vipande hivyo vilikaguliwa, vikawekwa katika maghala ya Tower, ngome ya London, kisha vikatolewa kwa mafundi wengine wavifunge kwenye mti. Gobori moja, basi, ni kazi ya mikono mingi.

Hadi mwaka 1764 mtambo ulichongwa jina la mkandarasi pamoja na mwaka. Mtu akikuta GRICE 1762 huwa mwepesi wa kusema kwamba bunduki ile iliundwa na Grice mwaka ule. Kauli hiyo inauzidi ushahidi. Jina lile ni la aliyeleta mtambo. Mtutu waweza kuwa wa fundi mwingine, na kwa kuwa mitambo ilikaa ghalani, bunduki yenyewe yaweza kuwa ilikamilishwa miaka kadhaa baadaye. Mwaka uliochongwa watuonyesha tu kwamba mtambo haukupokelewa kabla yake.

Baada ya 1764 jina la mkandarasi liliondolewa, na mahali pake pakachongwa neno TOWER, au DUBLIN CASTLE kwa zile za Ireland. Herufi GR zilizo chini ya taji hazitusaidii sana kupata tarehe, maana wafalme wanne walioitwa George walifuatana kutoka 1714 hadi 1830. Hapo inabidi mtutu ung'olewe kwenye mti na mtambo ufunguliwe, kwani alama ndogo za mafundi hujificha chini ya mtutu na upande wa ndani wa mtambo.

Kipimo nacho ni shahidi. Mtutu wa inchi 46 ni wa mtindo mrefu wa awali. Wa inchi 42 ni wa mtindo uliofupishwa. Wa inchi 39 ni wa mtindo wa India, ulioagizwa kwanza na Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki na kupokewa rasmi na Bodi mwaka 1797. Mali ya serikali ilitiwa alama ya mshale mpana. Kampuni ilitumia umbo la moyo lenye herufi zake, na tangu 1808 simba aliyeshika taji. Mkandarasi yule yule aliweza kuwatumikia wote wawili.

Neno TOWER lilienea kuliko bunduki zilizopita katika ngome ile. Mafundi wa Birmingham na wa Liège, nchini Ubelgiji, walilichonga pia kwenye gobori za biashara zilizouzwa Afrika, ambazo Bodi haikuzikagua kamwe. Pwani yetu ilipokea bunduki nyingi kwa njia ya Zanzibar katika karne ya 19, hata Mkataba wa Brussels wa 1890 ulipozizuia. Gobori yenye neno lile ikionekana huku, na isomwe mtutuni. Herufi ELG ndani ya duara lililorefuka ni za Liège. Fimbo mbili za kifalme zilizopishana, zenye herufi BPC, ni za nyumba ya majaribio ya Birmingham, iliyoanzishwa mwaka 1813.

Kosa la kibao kimoja katika jumba la makumbusho si dogo. Kibao kikisema "bunduki ya askari Mwingereza" kwa sababu tu ya neno TOWER, chaweza kumpa askari ambaye hakufika huku silaha iliyonunuliwa kwa pembe za ndovu au kwa watu waliouzwa. Mnunuzi, mbebaji na aliyelengwa kwa silaha ile hupotea wote kwa pamoja.

Napendekeza, basi, kadi ya kila gobori iandikwe sehemu nne mbalimbali: mtambo, mtutu, alama za ukaguzi, na alama ya mwenye mali. Iandikwe pia kama ni ya gumegume tangu awali, au ilibadilishwa baadaye kuwa ya fataki. Lugha yetu imekwisha kutupa maneno hayo. Jina la muundaji na lijazwe mwisho, pale tu mashahidi wote wanapokubaliana.