Lipu

Lipu ni tabaka la saruji, mchanga na maji linalopakwa ukutani. Fundi hupiga lipu, kama apigavyo rangi. Wengine hutamka ripu, na wengi Kenya husema plasta. Lipu isichanganywe na kukandika, kazi ya udongo, wala kutomea, yaani kuziba mianya ya mawe kwa vijiwe na chokaa.

Lipu ya bafuni itakayobeba vigae ina masharti yake. Huachwa na mikwaruzo, hailainishwi kwa saruji tupu, maana gundi hushika panapokwaruza. Ukuta wa zamani wenye rangi ya mafuta hudonolewa kwa tindo hadi ujae vidonda, kisha vumbi huoshwa lote. Fundi makini hugonga kwa kifundo cha kidole: panapolia kama pana uwazi ndani, lipu imeachana na tofali, lazima ibanduliwe. Timazi huonyesha kama ukuta umesimama wima. Vigae pekee havizuii maji kabisa, hivyo penye bomba la mvua hutangulia dawa ya kuzuia maji. Lipu mpya imwagiliwe siku kadhaa isipasuke, iachwe ikauke, ndipo vigae vibandikwe.