Gobori Lisilolia: Istilahi za Kushindilia na Vita vya Lumboka na Chetambe

Wanaoandika juu ya vita vya mwaka 1895 katika nchi ambayo leo ni Bungoma husema kwamba Wabukusu walikuwa na bunduki. Sentensi hiyo ni kweli, lakini neno lenyewe limetwishwa mzigo mkubwa mno. Bunduki gani? Kiswahili cha misafara hakikuchanganya mambo hayo, na yafaa tukisikilize.

Silaha za moto ziliifikia nchi ya Mto Nzoia kwa njia mbili. Ya kwanza ni misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani, ambayo kumbukumbu yake bado inasimuliwa hata Kitale. Ya pili ni askari waliotoroka jeshini na kuuza silaha zao. Bunduki ya mtoro ilikuwa ya kutilia risasi nyuma, silaha bora kabisa. Lakini viasi vyake vilipokwisha, ilibaki fimbo tu. Silaha ya misafara kwa kawaida ilikuwa gobori. Tena Mkataba wa Brussels wa 1890 uliweka vizuizi vikali kwa silaha za kisasa baina ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, ukaacha mlango mdogo kwa bunduki za mawe na baruti ya kawaida ya biashara. Yaani Mwafrika aachiwe ile inayokawia.

Na gobori hukawia kweli. Mpigaji humimina baruti katika kasiba, hutia kitambaa au nyuzi, hutia risasi, hushindilia kwa mdeki, kisha huweka fataki juu ya kifa, au baruti kidogo kama ni bunduki ya jiwe. Kila hatua ina ubaya wake. Baruti nyeusi ni shura, makaa na kiberiti, na inapoungua zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki kuwa moshi mzito na masizi. Masizi hayo hunyonya unyevu wa hewa, huganda, na baada ya milio michache risasi haiteremki tena. Mwenye haraka huiacha njiani; na risasi iliyoachwa mbali na baruti yake yaweza kuipasua kasiba mikononi mwa mwenyewe. Kifa nacho huziba. Fataki ikalia bila bunduki kulia, mpigaji asiyetambua hushindilia kiasi cha pili juu ya kile cha kwanza. Dawa ni kuzibua kifa kwa sindano na kuosha kasiba kwa maji, jambo lisilowezekana mbele ya adui.

Hata bastola za mtindo wa Colt, aliyepata hataza yake mwaka 1836, hazikuepuka matatizo haya kabla ya viasi vya madini kuenea. Kila tundu la mzinga wake lilikuwa gobori dogo. Ilibidi risasi izidi tundu kwa unene kidogo ili ikae imara, na wengi walipaka mafuta juu yake ili moto usirukie tundu la jirani. Vipande vya fataki iliyopasuka navyo viliweza kuanguka ndani ya mtambo na kuuzuia usizunguke.

C. W. Hobley, mwakilishi wa utawala wa Waingereza huko Mumias, wakati eneo hilo lilipokuwa bado upande wa Uganda, alidai Wabukusu wasalimishe bunduki. Walikataa, wakapigwa Lumboka, kisha Chetambe karibu na Webuye. Kuta za udongo na handaki zilikuwa tegemeo lao kubwa, na kwa maoni yetu sababu yaonekana: ukuta humpa mwenye gobori nafasi ya kushindilia. Mwanafunzi anayesoma tu kwamba pande zote mbili zilikuwa na bunduki atadhani walioshindwa walipungukiwa na ushujaa. Hilo si kosa dogo la tafsiri.

Kwa hiyo twapendekeza vitabu vya historia vitenganishe gobori, bunduki ya jiwe na bunduki ya viasi. Maneno tunayo, hayahitaji kuundwa na kamati yoyote. Mdeki na kifa vimeanza kusahauliwa. Gumegume, jina la bunduki ya jiwe, limeponea katika dharau: mwanamume gumegume ni yule asiyefaa kitu, na twadhani dharau hiyo ilizaliwa na jiwe lililogongwa bila kutoa cheche.