Ushirikiano wa masafa

Ushirikiano wa masafa ni utaratibu ambao kampuni mbili au zaidi za simu hutumia kwa pamoja masafa ya redio ambayo kila moja imepewa kwa leseni. Nchini Tanzania masafa hugawiwa na Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA).

Kampuni mbili zenye megahezi 10 kila moja zikiyaunganisha hupata megahezi 20. Mteja anaweza kupata kasi karibu maradufu wakati wengine hawatumii.

Faida ni kubwa penye wateja wachache. Mashariki ya Ikwiriri, katika delta ya Rufiji, vijiji vimetawanyika kati ya mito na mikoko. Huko mnara mmoja ungetosha kuhudumia wateja wa kampuni zote. Hasara yake: mnara huo ukizimika, mitandao yote hukatika pamoja.